Uzi: William, Wilhelm, Guillaume, Liam. Jina hili halimaanishi "mlinzi shujaa"

MchanjaManeno

Wakuu, kila mtoto akipewa jina William, chini ya picha yake maoni hujaa: "maana yake mlinzi shujaa", "mpiganaji mwenye msimamo", na juzi kuna aliyeandika "nahodha wa maisha yake". Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo ndani ya jina. Tulichambue hapa kwa utaratibu. Anayejua zaidi aongeze, anayepinga alete hoja.

Jina ni la Kijerumani kwa maana pana, yaani ile familia ya lugha iliyozaa Kijerumani cha leo, Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi na Kiaislandi. Si la Kilatini wala Kiebrania, na kwenye Biblia halimo. Lina vipande viwili.

Cha kwanza ni *wil-*, zamani *wilja-*: matakwa, utashi, hamu ya jambo. Kijerumani bado kina Wille na Kiingereza kina will.

Cha pili ni *helm*: kofia ya vita. Kijerumani cha leo bado kinasema Helm, na fundi wa ujenzi kule huvaa Schutzhelm. Kiaislandi jina ni Vilhjálmur, na hjálmur ni kofia hiyohiyo hadi leo, kwa hiyo Mwaislandi anaisikia maana bila kufungua kamusi.

Kiswahili tuna neno lake halisi, na wengi wetu tulilipata kwenye Waefeso 6:17: "chapeo ya wokovu". Biblia ya Luther hapo ina neno Helm. Basi kipande cha pili tafsiri yake ni chapeo. Kulinda ni kazi ya chapeo, si maana ya neno. Ukifuata mzizi wake mbali zaidi unafika kwenye kitenzi cha kufunika, kwa hiyo ni kifuniko cha kichwa na si zaidi. (Chapeo lenyewe ni la Wareno, chapéu, na kwao ni kofia yoyote ile hata ya jua. Sisi ndio tuliolipeleka vitani.)

Huyo wa "nahodha" ameteleza hapa: Kiingereza kina neno jingine helm, maana yake usukani wa chombo. Yanaandikwa sawa lakini asili zake ni mbili tofauti. Kwenye William hamna usukani.

Kosa kubwa kuliko hayo ni kuunganisha vipande viwe sentensi. Sisi tumezoea majina yanayosema jambo. Sikujua ni sentensi nzima, Chausiku anakwambia alizaliwa saa ngapi, Mashaka anakueleza hali ya nyumbani. Wale wa kale walikuwa na akiba ya vipande vya kuanzia na vipande vya kumalizia, wakachukua kimoja huku na kimoja kule, mara nyingi kutoka kwa wazazi. Ushahidi wake maarufu ni Wulfstan, askofu wa Worcester aliyefariki 1095. Baba yake Æthelstan, mama yake Wulfgifu. Mtoto akapata Wulf ya mama na stan ya baba. Wulf ni mbwamwitu, stan ni jiwe. Ukilazimisha maana unapata "jiwe la mbwamwitu", na wazazi wale hawakuwa na jiwe wala mbwamwitu akilini.

Kwa hiyo ukiulizwa maana ya William, jibu sahihi ni fupi: utashi na chapeo.

MtuWaBukavu

Mkuu hapo nimekupata. Lakini huku kwetu ni Guillaume, tunatamka Giyome. Hiyo G imetokea wapi? Na helm imeishia wapi, mbona naona "aume" tu?

MchanjaManeno

Swali zuri, na jibu lake liko dukani kwa muuza simu.

Wafranki, kabila la Kijerumani, walipoingia Gaul, yaani Ufaransa ya leo, walikuta watu wanaosema Kilatini cha mitaani. Kilatini hicho hakikuwa tena na sauti *w* mwanzoni mwa neno, kwa sababu ya zamani ilikwishageuka *v*. Basi maneno ya Wafranki yenye *w* wakayatamka kwa kutanguliza *g*: *gw*. Baadaye *w* ikafifia, *g* ikabaki. Ndivyo *werra* (vita) ilivyokuwa guerre, na Willahelm akawa Guillaume.

Ila kaskazini, Normandia na Picardie, hawakubadilisha. Wao walibaki na *w*, wakasema Willame, Williame. Kiingereza kilikopa kwanza kwa watu wa Normandia, baadaye kikakopa tena Paris, ndiyo maana kina mapacha. Sisi tukayachukua mapacha yote: muuzaji mmoja anakwambia simu "ina waranti", wa duka la pili "ina gerentii". Neno moja hilo, waranti limepita Normandia, gerentii limepita Paris. William na Guillaume ni hivyohivyo. Hata wodi ya hospitali na gadi wa getini mzizi wao ni mmoja, kulinda na kuangalia, ila gadi alipita Ufaransa na wodi haikupita.

Kuhusu helm: Kifaransa cha kale kiligeuza *l* iliyotangulia konsonanti kuwa *u*. Helm ikawa heaume, neno lao la chapeo ya askari wa farasi, linalotamkwa "om". Hiyo -aume ya Guillaume ndiyo heaume. Nayo *y* unayoitamka katikati inatokana na ile *j* ya *wilja*: ililainisha *l* ikawa *ly*, kisha *l* ikaanguka. Kwa hiyo Giyome yenu ni sahihi kabisa, hamjaiharibu.

Wahispania wao walikuwa na *l* mbili zinazogongana, ulimi ukakataa, moja ikageuka *r*: Guillermo. Waitaliano wakavumilia zote: Guglielmo. Wareno ni Guilherme, utalikuta Msumbiji.

KarneYa11

Naongeza upande wa historia, maana watu huanza 1066, William wa Normandia alipoiteka Uingereza, kana kwamba jina lilizaliwa siku hiyo.

Aliyelipa sifa kwanza ni Guillaume wa Gellone, jamaa wa Charlemagne, mfalme wa Wafranki. Alishiriki kuitwaa Barcelona mwaka 801, akajenga monasteri ya Gellone mwaka 804, akaingia humo kuwa mtawa. Mahali hapo kusini mwa Ufaransa leo panaitwa Saint-Guilhem-le-Désert, na Guilhem ndiyo sura ya jina kwa Kioksitani. Tenzi nyingi za Kifaransa cha kale zilitungwa juu yake, zikaimbwa kwenye mabaraza ya makabaila, na jina likawa la mashujaa. Mkitaka kujua "shujaa" iliingiaje kwenye hizo tovuti za majina, asili yake ni sifa za watu waliolibeba.

Wanormandi wenyewe walikuwa wajukuu wa watu wa Skandinavia. Kiongozi wao wa kwanza aliitwa Rollo, jina la kwao. Mwanawe akaitwa Guillaume, jina la Kifranki. Huyo ni Guillaume wa Upanga Mrefu, aliuawa Desemba 942. Kizazi kimoja tu na familia imehamia majina ya wenyeji, na tangu hapo jina likawa la ukoo wa watawala.

Sasa ndiyo 1066. William, mtawala wa Normandia, alishinda vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba, akavikwa taji la Uingereza Westminster siku ya Krismasi. Waingereza nao walikuwa na majina ya Kijerumani kama Æthelred, Godwin, Leofric, na hata Wilhelm walikuwa nalo kwa sura yao. Kwa hiyo hawakuacha majina ya Kijerumani wakachukua ya kigeni. Waliacha yao wakachukua binamu zake yaliyozunguka Ufaransa. Wana wa mshindi ni Robert, Richard, William na Henry, na yote manne ni ya Kijerumani! Yaliyookoka katika yale ya zamani yalishikiliwa na watakatifu: Edward na Edmund.

Mwanahistoria wa zama hizo, Robert wa Torigni, anasimulia karamu ya Krismasi ya 1171 huko Normandia. Waheshimiwa wawili walioitwa William waliwatoa chumbani wote wasio na jina hilo, na wakabaki mashujaa wa farasi zaidi ya 100 wanaoitwa William. Hapo ndipo utaelewa kwa nini majina ya ukoo yalilazimika kuwepo.

Na anayesema kuna tahajia "moja sahihi ya asili" akatazame kitambaa cha Bayeux, kilichodariziwa miaka michache baada ya vita. Ndani yake mtu huyohuyo ameandikwa Willelm mahali pamoja na Wilgelm mahali pengine.

FundiSaa

Sasa Wilson naye? Na Bill imetoka wapi, mbona herufi hazikutani?

KarneYa11

Wilson ni "mwana wa Will", basi. Ni jina la ukoo lililogeuzwa kuwa jina la mtu. Kiingereza kina msururu mzima uliotokana na uhaba ule wa majina, maana kijiji kikiwa na William sita lazima uwatofautishe. Wakaongeza viambishi vya kupunguza: Wilkin, Wilcock, Willet, Wilmot. Hivyo navyo vikazaa Wilkins, Wilkinson, Wilcox, Willis. Williams na Williamson ziko wazi. Fitzwilliam ni hivyohivyo, ila "mwana" kwa kauli ya Wanormandi.

Mfano wa karibu na nyumbani: mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, umebeba jina la John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940. Mwana wa William amekaa kwenye ardhi ya Wasukuma muda wote huu.

Bill ni mchezo wa vina. Waingereza walikuwa na tabia ya kufupisha jina kisha kubadili herufi ya kwanza: Robert akawa Rob, akawa Hob, Dob, mwishowe Bob. Richard akawa Rick, akawa Dick. Will akawa Bill kwa mtindo huohuo, ila alichelewa sana kuliko wenzake. Anayekuambia Bill lina maana yake ya siri, mwulize Bob maana yake nini.

BintiUsambara

Nilikuwa nasubiri mfike huku. Lushoto wakati wa Wajerumani iliitwa Wilhelmstal. Wilhelm, kisha *s* ya umilikishi, kisha Tal yaani bonde: Bonde la Wilhelm. Wanasoma *w* kama *v*, kwa hiyo ni "Vilhelmstal".

Kwa wanaotafuta ramani na barua za zamani, zingatieni haya. Ramani nyingine zimeandika Wilhelmsthal yenye *h*. Si mji mwingine. Tahajia ya Kijerumani ilirekebishwa mwaka 1901, Thal ikawa Tal, kwa hiyo tafuteni zote mbili. La pili, majina hayo yamejaa duniani: kuna kasri la Wilhelmsthal karibu na Kassel, na kuna Wilhelmstal nchini Namibia, nako kulikuwa koloni la Wajerumani. Ukitafuta bila kuongeza neno Usambara utaletewa picha za jangwa ushangae baridi ya Lushoto imekwenda wapi.

Halafu Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu kabisa tarehe 6 Oktoba 1889, Meyer akapaita Kaiser-Wilhelm-Spitze, ncha ya Kaisari Wilhelm. Mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru, ndipo ikawa Kilele cha Uhuru.

Mzalendo_Halisi

Na ndiye huyo Kaisari Wilhelm aliyepewa Kilimanjaro na bibi yake Malkia Victoria kama zawadi ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka umepinda.

BintiUsambara

Ndugu yangu, hiyo hadithi ni tamu lakini ukiangalia tarehe inakufa yenyewe.

Mpaka ulipangwa kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Kaisari wa wakati huo alikuwa Wilhelm I, aliyezaliwa Machi 1797. Victoria alizaliwa 1819. Huyo "mjukuu" ana miaka 89 na "bibi" yake ni mdogo kwake kwa miaka 22! Mjukuu wa kweli wa Victoria ni Wilhelm II, aliyezaliwa 27 Januari 1859, na hakuwa Kaisari hadi 15 Juni 1888. Mwaka ule wa 1888 Ujerumani ilipata makaisari watatu: Wilhelm I akafa Machi, mwanawe Friedrich III akatawala siku 99, kisha Wilhelm II.

Mstari ulianzia mdomo wa mto Umba, ukaja Ziwa Jipe, ukazunguka mlima kwa kaskazini, ndipo ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Waingereza walibaki na Mombasa, Wajerumani na mlima. Hayo ni mapatano ya wakoloni kugawana nchi za watu, hakukuwa na keki wala mishumaa.

Somo la majina hapa: ukikuta "Kaiser Wilhelm" bila namba, angalia mwaka kwanza. Kabla ya Machi 1888 ni babu. Kuanzia Juni 1888 ni mjukuu.

LejaZaKale

Naweka upande wa kumbukumbu, maana wengi wanaotafuta babu zao kwenye vitabu vya ubatizo hukwama kwenye jina hili hasa.

Vitabu vya Kikatoliki vya zamani vimejazwa kwa Kilatini. William wenu humo ni Gulielmus, lakini pia Guilielmus, Guillelmus, Willelmus au Wilhelmus, kutegemea padre alitoka nchi gani. Kwa hiyo kwenye faharasa ya mwisho wa kitabu msiishie herufi W, fungueni na G. Hilo peke yake huwakosesha watu wengi.

La pili ni mwisho wa jina. Kilatini hubadilisha kikomo kulingana na kazi ya neno kwenye sentensi:

Gulielmus: ndiye mtenda, au jina limeandikwa peke yake.
Gulielmum: ndiye aliyefanyiwa. "Baptizavi Gulielmum", nimembatiza Gulielmus.
Gulielmi: "wa Gulielmus". "Filius Gulielmi" ni mwana wa Gulielmus, kwa hiyo huyo ni baba, si mtoto.
Gulielmo: huja baada ya ex, a au cum. "Ex Gulielmo et Maria" maana yake aliyezaliwa na Gulielmus na Maria.

Kosa linalojirudia ni mtu kunakili "Gulielmi" na "Gulielmo" kama majina mawili tofauti, akaongeza ndugu wawili ambao ukoo haujawahi kuwa nao.

Vifupisho: Waingereza waliandika Wm, mara nyingi *m* ikiwa ndogo juu kidogo. Asiyejua anaisoma kama W. M., herufi za mwanzo za majina mawili. Wajerumani waliandika Wilh. yenye nukta.

Nyaraka za Kijerumani za kabla ya 1914 zimeandikwa kwa mwandiko wao wa zamani unaoitwa Kurrent. Humo *e* inafanana na *n* yetu, kwa hiyo jicho linasoma "Wilhnlm". Ukiona neno linaanza na W, lina *l* mbili ndefu, na *h* yenye kitanzi juu na chini, karibu hakika ni yeye. Jambo jingine, Mjerumani alibatizwa majina mawili, matatu, hata manne, na lile aliloitwa kila siku si lazima liwe la kwanza. Kwenye fomu nyingi limepigiwa mstari chini. Ukikuta Karl Friedrich Wilhelm na mstari uko chini ya Wilhelm, basi mtaani aliitwa Wilhelm, na barua zake zitafute kwa jina hilo.

Kwenye hazina za kompyuta zinazokubali nyota badala ya herufi, andika W\*l\*m\* utapata William, Wilhelm, Willem na Wilhelmus (na Wilhelmina, vumilia). Kisha G\*l\*m\* utapata Guillaume, Guillermo, Guilherme, Guglielmo, Gulielmus na Gwilym wa Wales. Kisha V\*l\*m\* kwa Vilhelm wa Skandinavia, Vilém wa Wacheki na Vilmos wa Wahungaria. Liam na Uilliam tafuta peke yake.

MtuWaBukavu

Hiyo ya Gulielmi imenifungua macho. Asante sana mkuu.

Kimangare

Na Wilbrod, Wilfred na Anselm? Huku kwetu yapo tele. Ni ndugu zake?

MchanjaManeno

Ni ndugu, ila kila mmoja kwa upande wake.

Wilfred ana *wil-* ileile, na kipande cha pili ni *frith*, amani. Mtakatifu wake ni Wilfrid wa York, 12 Oktoba.

Wilbrod, Wilbroad, Willibrod, yote ni Willibrord. *Wil-* tena, na *brord*, ncha kali ya kuchomea. Alitoka Northumbria, akahubiri Frisia, pwani ya Uholanzi ya leo, akafariki 739, na kaburi lake liko Echternach, Luxembourg. Sikukuu 7 Novemba. Herufi *r* ya pili huanguka midomoni mwetu kwa sababu *-brord* ni mzigo, ndiyo maana vyeti vina tahajia tano za jina moja.

Anselm ana mwisho wa William badala ya mwanzo: *ans-*, mmoja wa miungu ya kale ya Kijerumani, na *helm*. Mtakatifu Anselm alikuwa askofu mkuu wa Canterbury kuanzia 1093 hadi alipofariki 1109, sikukuu 21 Aprili. Ndiyo, jina la askofu mkuu wa Kikristo limebeba mungu wa kipagani. Ushahidi mwingine kwamba watu hawakuwa wakisoma vipande kama sentensi.

Msimtie humu Winfrida. Kile ni *win-*, si *wil-*. Na Wellington ni jina la mahali.

MamaJunior_TZ

Naomba msaada wa haraka jamani. Tunachagua kati ya William, Wilhelm na Liam kwa mtoto atakayebatizwa. Tofauti ni nini hasa, na mtakatifu ni yupi?

KarneYa11

Dada, watakatifu wapo wengi, chagua tarehe iliyo karibu: William wa Bourges 10 Januari, William wa Gellone 28 Mei, William wa York 8 Juni, William wa Vercelli 25 Juni. Kwa Wilhelm ni walewale.

Liam ni Uilliam ya Kiairishi iliyokatwa kichwa. Jina lilifika Ireland na Wanormandi karne ya 12. Ukiangalia kilichobaki, *l* ni mkia wa *wil* na *-iam* ni mabaki ya *helm* yaliyochakaa, hakuna hata kipande kimoja kizima. Hilo halikulizuia: Marekani limeongoza orodha ya majina ya watoto wa kiume tangu 2017. Padre akitaka jina kamili la ubatizo, litakuwa William.

LejaZaKale

Dada, mimi nakushauri tahajia kabla ya maana. Wilhelm na William yote yana herufi saba, zihesabu kabla hujaondoka dirishani. Makosa ya kawaida ni Wilhem (*l* ya pili imeanguka, kwa sababu kwa matamshi yetu haisikiki vizuri kabla ya *m*), Wiliam yenye *l* moja, na karani "kukurekebishia" Wilhelm iwe William kwa kudhani umekosea. Mpe jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, usilitaje kwa mdomo.

Cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na fomu ya shule viwe sawa herufi kwa herufi. Tofauti ikishaingia, ofisi itakudai hati ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Na wenye vyeti vya Kifaransa: mfasiri asigeuze Guillaume kuwa William. Kwenye hati ni majina mawili tofauti hata kama asili ni moja.

Akizoeleka kama Wiliamu nyumbani hakuna ubaya, mkazo unahamia tu kwenye *a* kwa kawaida ya Kiswahili.

MamaJunior_TZ

Asanteni sana. Ni wa kike lakini bado hatujajua, ikitokea?

FundiSaa

"Ni wa kike lakini bado hatujajua" 😂😂

MchanjaManeno

Wilhelmina, dada. Malkia wa Uholanzi aliyetawala 1890 hadi 1948 aliitwa hivyo. Vifupi vyake ni Wilma, Mina, Minna. Herufi kumi, LejaZaKale atakuhesabia.

Mzalendo_Halisi

BintiUsambara, hoja ya tarehe nimeikubali. Ila kuna Mlima Wilhelm huko New Guinea, nako kulikuwa kwa Wajerumani. Huyo si Kaisari?

BintiUsambara

Hapana, na hapo wengi huingia mtegoni. Mlima Wilhelm, mita 4,509, umeitwa kwa Wilhelm wa Bismarck, mtoto wa kansela wa Ujerumani, na safu yenyewe inaitwa Bismarck. Eneo zima lenye mlima huo, Kaiser-Wilhelmsland, liliitwa kwa Wilhelm I. Na ncha ya Kibo ya Meyer ilikuwa ya Wilhelm II.